Inayonuka na Inayokula: Kumuaga Ndugu Kasimiri Chilumba wa Kitengo cha Rangi

Jumamosi hii, tarehe 31 Julai 1982, Ndugu Kasimiri Chilumba, mkuu wa kitengo cha rangi katika Karakana ya Umma ya Mtoni, anastaafu baada ya miaka ishirini na moja ya kazi. Aliingia lango letu Agosti 1961, na hachoki kuwakumbusha vijana kwamba Uhuru ulimkuta kazini, ameshika kitambaa. Mhariri wa jarida letu ameniomba mie wa stoo niandike wasifu wake. Sababu aliyoitoa ni kwamba nimempa makopo ya polishi kupitia dirisha langu kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote. Sababu ya kweli ni kwamba hakuna aliyegombana naye kunizidi, na mtu unayegombana naye kila siku unamjua vizuri.

Ndugu Kasimiri ni mtu wa Newala. Alikuja Dar es Salaam akiwa kijana, akafikia Temeke kwa mjomba wake aliyekuwa akichonga vinyago vya mpingo. Mjomba alichonga, Kasimiri akapewa kazi ya kulainisha. Alianza na majani ya msasa, majani yale yale yaliyoipa jina karatasi tunayoisubiri bandarini siku hizi, kisha akamalizia kwa kitambaa na nta. Kuchonga kwenyewe kulimshinda. Mjomba aliwahi kusema mbele ya wateja kwamba simba wa Kasimiri anafanana na mbuzi mwenye mimba, na habari hiyo tumeipata kwa Kasimiri mwenyewe, ambaye huisimulia kwa fahari, akiongeza kuwa mbuzi yule alikuwa laini kuliko simba wote wa Temeke.

Alipoona vinyago haviendi, akaja hapa kuomba kazi. Karakana ilikuwa bado mali ya mtu binafsi. Alianza kwa kuosha magari, akahamia kupiga msasa, akajifunza kupuliza rangi, na karakana ilipochukuliwa na umma baada ya Azimio la Arusha yeye ndiye aliyekabidhiwa kitengo. Ningependa kuandika kwamba ni mtu mnyenyekevu, lakini jarida hili linasomwa na watu wanaomjua. Ndugu Kasimiri anajua kwamba anajua, na asipoulizwa hujiuliza mwenyewe kwa sauti na kujijibu.

Kwa wenzetu wa injini na wa kuchomelea, wanaodhani polishi zote ni ndugu, yafaa nieleze kidogo. Rangi ya gari ikikaa juani huchakaa, ikawa kama imepakwa unga. Dawa ya kuirudisha huwa na chembechembe ndogo za kukwangua ile ngozi iliyokufa. Zipo zenye chembe kubwa, zinazofanya kazi haraka na kuacha mikwaruzo. Zipo laini, za kumalizia. Nyingine hazina chembe hata moja, ni nta au dawa ya kuyeyushia uchafu tu. Ukiichukua ya kwanza ukidhani ni ya mwisho, unajikuta umefika kwenye praima, rangi ile ya chini, na hapo gari linataka rangi mpya, na rangi mpya ndiyo hiyo tunayoambiwa kila mwezi kwamba iko njiani.

Zamani polishi ilikuja ya aina moja au mbili, na kila fundi aliijua kama chumvi ya nyumbani. Fedha za kigeni zilipoadimika tukawa tunapokea kilichopatikana. Leo kopo limeandikwa Kichina, kesho Kitaliani, keshokutwa maandishi ambayo hata katibu wa tawi la Chama aliyekwenda masomoni ng'ambo aliyageuza juu chini akayarudisha. Ndugu Kasimiri alikataa katakata polishi ngeni iguse gari la mtu kabla hajaijaribu. Alichukua boneti la lori la Bedford lililokufa, akalipaka rangi nyeusi kwa kuwa nyeusi haifichi mkwaruzo, akaligawa viwanja. Kila polishi ilipewa kiwanja chake na kipande chake safi cha kitambaa cha marekani. Alisugua kila kiwanja kwa nguvu ile ile na mizunguko ile ile, akaosha, kisha akalisimamisha boneti lielekee jua na kulichungulia kwa ubavu. Baada ya hapo akavipanga vitambaa. Kilichotoka na vumbi la kahawia kilikuwa kimeondoa uchafu tu. Kilichotoka cheusi kilikuwa kimekula rangi. Vijana waliliita boneti lile Shamba la Ujamaa, kwa sababu polishi za mataifa yote zililima pale bila kugombana. Katibu wa tawi hakucheka siku hiyo, ila alicheka baadaye.

Kabla ya boneti kulikuwa na meno. Alikuwa anachota polishi kwa ncha ya kidole, anaiweka kwenye meno ya mbele na kuisaga polepole, vile mtu anavyousikiliza mchanga kwenye wali. Mkewe, Mama Eufrazia, alimkataza, mganga wa zahanati akamkataza, na hakuacha mpaka kopo moja lisilosomeka lilipoupaka ulimi wake buluu kwa wiki nzima. Ni Mama Eufrazia huyo huyo aliyefika getini kwetu siku Kasimiri alipogundua kwamba dawa ya meno ni polishi laini ya kumalizia. Dawa ya meno ilikuwa haipatikani madukani, na ile ya nyumbani kwake ilikuwa imehamia kwenye Land Rover ya meneja. "Watoto wangu wanapiga mswaki kwa chumvi," alisema, na karakana nzima ikazima mashine ili isikie vizuri, "gari la bosi ndo linapigwa mswaki kwa dawa!" Meneja mwenyewe ndiye aliyetafuta dawa nyingine, na sitasema aliipata wapi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Ndugu Kasimiri ameniruhusu niliandike, na mwenzake Theonest Kamugisha ameniruhusu pia.

Wengi wenu mnalijua pikapu la Bi Wahiba, Peugeot ya buluu iliyokolea ambayo huja kila mwaka kabla ya Idd. Bi Wahiba ana duka Temeke, aliloanza na marehemu mumewe, Bwana Muhsin. Walipolinunua pikapu hilo Bwana Muhsin alikataa kumlipa mwandishi wa mabango, akachukua brashi na rangi nyeupe, akaandika mwenyewe kwenye mlango wa dereva: MUHSIN NA WAHIBA. Mstari ulipanda mwanzoni ukashuka mwishoni, na herufi N moja ilitazama upande wake yenyewe. Watu wa Temeke walicheka, na yeye akacheka nao. Alifariki mwaka 1973. Hakuacha barua, wala picha yake nzuri haikuwapo. Kilichobaki cha mkono wake kilikuwa mlangoni.

Mwaka 1975 binti yao, Jokha, alikuwa anaolewa, na ilikubaliwa kwamba bibi harusi apelekwe kwa gari la baba yake. Mtoto wao wa kiume, Sultan, akalileta kwetu ling'arishwe. Maagizo yalikuwa mafupi: lote ling'ae, maandishi yasiguswe. Ndugu Kasimiri aliushughulikia mwili wa gari mwenyewe. Mlango akamwachia Theonest, kijana kutoka Bukoba aliyekuwa na miezi michache kitengoni na mkono mtulivu kuliko wote. Alichomwambia wakati anakwenda kuitikia simu ya ofisini ni hiki: "Mlangoni usitumie kali."

Mezani palikuwa na makopo mawili. La kijani lilikuwa na maji ya kusafishia yenye harufu ya kutoa machozi, mpaka mtu anaweka kitambaa puani. Jeupe lilikuwa na uji mzito unaonukia vizuri, kama poda ya mtoto. Theonest alinusa yote mawili. Kwao na kwetu sote, pilipili ni kali, siki ni kali, na kinachokuchoma pua ni kikali. Akaliweka la kijani mbali, kwa heshima kabisa ya maagizo, akachukua jeupe. Lakini la kijani lilikuwa halina hata chembe moja ya kukwangua. Jeupe ndilo lililokuwa na chembe kubwa kupita yote kwenye Shamba la Ujamaa, na ukali aliousema Kasimiri ulikuwa ule wa msasa. Theonest alianzia mwisho wa mstari, upande wa bawaba. Kasimiri aliporudi, kitambaa kilikuwa na weupe, na mlango ulikuwa unasema MUHSIN NA, basi.

Mie nilitoka stoo niliposikia kimya. Kitengo cha rangi hakijawahi kuwa kimya.

Sultan alipokuja jioni alitaka jambo moja tu, jina liandikwe upya kabla mama yake hajaliona. Na Ndugu Kasimiri angeweza. Ana mkono wa kuiga, angeziandika herufi zile zikashuka vile vile zilivyoshuka, na dunia nzima isingejua. Aliishika brashi, akaichovya, akairudisha kwenye kopo. Alimwambia Sultan kwamba akiandika yeye utakuwa mkono wa Kasimiri, na mama atakuwa anaupapasa mkono wa mtu mwingine akidhani ni wa mumewe. Kisha akavaa shati lake safi, akamchukua Theonest, wakaenda Temeke kwa miguu kumwambia Bi Wahiba.

Tunayoyajua ya huko tumeyasikia kwa Theonest. Kasimiri alitoa shikamoo, akasema kosa ni la kitengo chake na neno lililoleta kosa lilitoka mdomoni mwake mwenyewe. Bi Wahiba hakupandisha sauti. Aliuliza limebaki neno gani. Alipoambiwa limebaki jina la bwana, na "na", aliinuka akaingia ndani, na hakutoka tena jioni ile.

Asubuhi alikuja mwenyewe, kwa buibui lake, akaomba brashi na rangi nyeupe. Herufi za shule hakuwa amejifunza wakati ule. Aliyojifunza utotoni katika chuo cha Kurani yalikuwa maandishi ya Kiarabu, na hayo ndiyo aliyoyatumia kuandika jina lake. Sie tulisimama nyuma tukitazama. Maandishi hayo huanzia kulia, kwa hiyo jina lake lilianzia kwenye bawaba, likaja polepole, herufi kwa herufi, likimfuata mumewe, likaishia pale penye "na". Wanaume wa karakana hii ni watu wakavu, lakini siku ile wawili walikumbuka kwamba wana mafua. Jokha alipelekwa kwa mumewe kwenye gari lile, na watu wa Temeke hawakucheka.

Alipomaliza, Bi Wahiba alirudisha brashi akatoa sharti lake. Mlango ule utaguswa na Kasimiri peke yake. "Na huyu," alisema bila kumtazama Theonest, "asinisogelee."

Kuanzia siku hiyo Ndugu Kasimiri alilifuta neno "kali" kitengoni. Alitangaza kwamba kuna dawa inayonuka na kuna dawa inayokula, na anayetaka kufanya kazi kwake ajue tofauti. Akayaandika makopo yote kwa rangi nyekundu: INANUKA. INAKULA. INAKULA SANA. HAILI. Utaratibu huu umetuokolea magari mengi, na makao makuu waliutolea cheti cha pongezi. Kabla ya cheti, hata hivyo, alikuja mkaguzi, akapita stoo kwangu, akaona rafu imeandikwa INAKULA SANA juu kidogo ya kichwa changu. Enzi hizi za kutafuta wanaokula mali ya umma, mtanielewa nikisema kwamba nilieleza kwa muda mrefu sana. Ndugu Kasimiri aliitwa kunitetea. Alimtazama mkaguzi, akanitazama mie, akasema rafu ile ingeweza kumaanisha yote mawili. Sijamsamehe na sina haraka.

Pamoja na vicheko hivyo, sharti la Bi Wahiba lilibaki. Kila mwaka pikapu la buluu likiingia getini, Theonest alikumbuka shughuli ya kwenda kufanya nje, akarudi likishaondoka. Hakuwahi kulalamika. Alipanda akawa naibu wa kitengo, akafundisha vijana, akaandaa Shamba la Ujamaa la pili kwenye mlango wa basi. Lakini mtu akimsifu kwa kazi nzuri, alikuwa anaangalia pembeni. Ndugu Kasimiri aliliona hilo kila siku, na nadhani ndilo jambo pekee hapa karakana ambalo hakulizungumza kwa sauti.

Kisha vikaja vidole. Miaka yote hii Kasimiri amekuwa akiihisi rangi kwa ncha za vidole, na chembe zile zile zilizolainisha magari zimemlainisha yeye. Mwaka huu alipopiga dole gumba kwenye karatasi zake za kustaafu, ilitoka doa tupu la wino bila mstari hata mmoja. Karani akadhani amecheza na wino, akamrudisha mara ya pili na ya tatu. Sie tulicheka. Yeye hakucheka, akaja dirishani kwangu akasema kwa sauti ya chini kwamba tangu mwaka jana hahisi tena kama rangi imekuwa laini au bado. Anakisia.

Katikati ya mwezi huu, Ramadhani ikiwa inaelekea ukingoni, pikapu la buluu likaja. Bi Wahiba alikuwamo, kama kawaida yake, akawekewa kiti kwenye kivuli cha ukuta wa stoo. Theonest alikuwa ameshavaa viatu vya kutokea. Ndugu Kasimiri akamwita, mbele ya mwenye gari, na karakana ikazima mashine kwa mara ya pili katika historia yake.

Alimwonyesha Bi Wahiba vidole vyake. Alimweleza kwamba asingependa kuugusa mlango ule kwa kukisia, na kwamba mwisho wa mwezi hatakuwapo. Akasema mambo ni mawili: mlango uachwe ule vumbi na jua mpaka maandishi yachakae yenyewe, au uguswe na mtu mmoja tu ambaye kwa miaka saba hajaisahau hata siku moja kazi ya mlango ule. "Bibi," alisema, "mie neno nililolikosea nililifuta. Huyu bado hajapewa pa kulifutia lake."

Bi Wahiba alivitazama vidole vile kimoja kimoja. Kisha akamuuliza Theonest, akimtazama usoni, ipi inayokula. Theonest hakunusa. Alichukua kifuniko cha kopo kilichopakwa rangi ya buluu, akasugua dawa moja upande huu na nyingine upande ule, akampelekea vitambaa vyote viwili. Kimoja kilikuwa na buluu. Kingine kilikuwa na vumbi tu. Aliviweka mapajani mwa Bi Wahiba akarudi nyuma hatua moja.

Bi Wahiba akasema: "Anzia kwangu. Likitoka, mie mkono wangu ningali ninao."

Theonest akapiga magoti mbele ya mlango. Alianzia pale pale alipoanzia mwaka 1975, kwenye bawaba, akalifuata jina herufi kwa herufi. Alipofika kwenye "na" akakisimamisha kitambaa, akakikunjua, akamgeuzia Bi Wahiba akione. Hapakuwa na weupe. Bi Wahiba akakitazama, akautazama mlango, akasema, "Haya, mwanangu. Sasa mpitie na mwenzangu."

Na hapa ndipo tulipojua kweli kwamba Ndugu Kasimiri anastaafu. Mtu huyu hajawahi kuiacha kazi ya kijana bila kusimama nyuma yake akihesabu makosa. Theonest alipoliinulia kitambaa jina la Bwana Muhsin, tulimgeukia Kasimiri tuone anavyosimamia. Hakuwapo. Alikuwa bombani, ametugeuzia mgongo, ananawa mikono.

Ndugu Kasimiri, kitengo ulichokijenga kina makopo yanayosomeka na kina Theonest, kuanzia tarehe mosi Agosti mkuu wake mpya. Tunakushukuru kwa magari uliyoyarudishia uso, kwa vijana uliowagombeza wakawa mafundi, na hata kwa rafu ile, ambayo nimeiacha kama ulivyoiandika. Mama Eufrazia, tunakurudishia mumeo akiwa mzima na meno yake karibu yote, na wafanyakazi wamechanga dawa ya meno ya kutosha. Mikorosho yenu ya Mbagala iwazalie, nyumba yenu iwe na amani, na siku zenu mzile polepole. Bi Wahiba ametuma salamu pia. Anasema mwakani, kabla ya Idd, gari litapitia kwanza Mbagala ulione, ndipo lije Mtoni kwa fundi wake.

Bernadeta, Stoo